Miguu ya Bogalech

Miguu ya Bogalech ilianza kuwaka akiwa na miaka kumi na sita, msimu wa palizi, kwenye shamba la baba yake chini ya mlima Damota. Mwanzoni alidhani amekanyaga upupu. Alikwenda kuitumbukiza kijitoni, ikatulia. Aliporudi kwenye matuta ule mwasho ukaanza upya, mwasho wa ndani kwa ndani usiofikiwa na kucha, ukitoka kati ya kidole gumba na cha pili na kupanda taratibu hadi juu ya wayo. Mama yake alimkuta amesimama na jembe, anasugua mguu mmoja kwa mwingine. Hakumuuliza kitu. Aligeuka kutazama kama kuna jirani aliyeona, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Acha kujikuna. Na usimwambie mtu yeyote."

Bogalech alielewa. Dada mkubwa wa mama yake alikuwa na matende. Aliishi kwenye kibanda nyuma ya enseti za nyumbani, ile migomba isiyozaa ndizi za kula, akipelekewa chakula kwenye kibuyu chake peke yake, na alipofariki kibuyu kile kilivunjwa.

Aliolewa mwaka uliofuata na Dalke Wada, mkulima mpole wa kijiji cha pili, mtu wa maneno machache na ng'ombe wawili wa kulimia. Katika mwezi wa uharusi, wakati bibi harusi hatakiwi kufanya kazi bali kula siagi na kunenepa, Bogalech alikuwa akiamka kabla ya wengine, anatoka uani, anachota udongo uliolowa umande na kujipaka miguuni hadi juu ya vifundo. Ule udongo mwekundu ulificha uvimbe. Wote walitembea pekupeku na wote walikuwa na miguu myekundu, kwa hiyo hakuna aliyeangalia mara mbili. Ilipita miaka thelathini kabla hajajua kwamba alikuwa akijipaka kitu kilekile kilichokuwa kikimuumiza.

Hadi anajifungua mtoto wa tatu, binti aliyeitwa Tamirech, hakukuwa tena na udongo wa kuficha. Vidole vilikuwa vimevimba na kubanana, ngozi imekuwa ngumu na kuota vinundu kama magome ya mti, na kati ya vidole mlikuwa na mipasuko iliyotoa maji. Msimu wa mvua ilinuka. Mara tatu au nne kwa mwaka mguu ulikuwa ukiwaka moto, homa inampanda mpaka anaongea ovyo, na analala siku nne bila kuweza kwenda hata chooni. Kila homa ilipoondoka iliuacha mguu mnene kuliko ulivyokuwa.

Mama mkwe wake, Shagite, hakupiga kelele. Siku moja tu alipakua kocho, mkate wa enseti, akaweka ya Bogalech kwenye kibuyu kidogo, akakisogeza karibu na mlango.

"Mama, hiki ni cha nani?" Dalke aliuliza.

"Cha mkeo. Mimi sina ugomvi naye, mwanangu. Ila ugonjwa wa kwao ubaki kwao."

Dalke alitazama chini. Bogalech alichukua kibuyu, akala. Baadaye kila alipojiuliza ni lini hasa alitolewa kwenye watu, ni siku ile aliyoikumbuka, ingawa hakuna aliyemfukuza wala kumtukana.

Mengine yalikuja polepole. Kanisani alihamia benchi la mwisho, halafu mlangoni, halafu akabaki nyumbani. Chemchemini wanawake walimwambia asiingize mguu kwenye maji. Ukume, jirani yake aliyeolewa mwaka uleule kama yeye, ndiye aliyelisema hilo kwa sauti: "Dada, wewe subiri pale juu, tutakuchotea. Usitutilie uchafu." Na siku nyingine walimchotea kweli, na siku nyingine walisahau. Sokoni hakuna aliyenunua siagi yake. Lililomkata zaidi lilikuwa misiba. Kwao mtu anaweza kukosa harusi ya nduguye na akasamehewa, lakini msiba haukoswi. Mama yake mzazi alipofariki, Bogalech alikwenda, lakini aliposikia wanawake wa chama cha kuzikana wakinong'ona na kuziba pua, alirudi nyuma, akapita kwenye majani ya enseti, akamlilia mama yake akiwa amesimama huko peke yake, akisikia nyimbo za wengine. Tangu hapo hakwenda msibani tena.

Tamirech alikua mrefu, mwenye mikono mepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alipofika miaka kumi na tisa, walikuja washenga kutoka kwa watu wenye mashamba mazuri upande wa bondeni. Kijana alikuwa ameshamwona na ameshampenda. Dalke alizungumza nao nje, chini ya ukuta, na Bogalech alikaa ndani kwenye giza na blanketi miguuni. Mambo yakaenda vizuri. Siku ya kuleta asali ya uchumba ikapangwa.

Siku nane kabla, shangazi wa yule kijana alipita bila taarifa, akijifanya anatafuta mbegu za viazi. Lilikuwa jua la asubuhi baada ya wiki nzima ya mvua, na Bogalech alikuwa ameketi uani, amenyoosha miguu juani ili ikauke. Yule mama alisimama langoni. Alisalimia kwa adabu zote, akauliza habari za watoto, za mifugo, za shamba. Macho yake hayakutoka miguuni. Asali haikuletwa.

Tamirech hakulia. Alikuja akasimama mbele ya mama yake, mikono kiunoni.

"Siku moja tu, mama. Siku moja ungekaa ndani."

"Nilikuwa ndani wiki nzima, mwanangu."

"Ungekaa wiki mbili! Ungekaa mwezi! Wanasema mifupa yetu imeoza. Nani atanichukua sasa? Nani?"

Wiki ile ile Tamirech alifunga nguo zake na kwenda kuishi kwa dada wa baba yake huko Humbo, kwenye nchi ya joto, kulima pamba na mahindi. Hakuaga.

Mwaka uliofuata, Shagite akiwa ameshafariki, alikuja mtu mmoja mwembamba mwenye mvi, aliyevaa viatu vyeusi vya ngozi vipana ajabu. Alijitambulisha kuwa ni Lachore, fundi viatu. Alisema ameambiwa hapa kuna mwenye matende.

"Umeambiwa na nani?" Bogalech aliuliza kutoka ndani.

"Na kijiji kizima, mama. Ukitaka kuficha kitu, usikifiche hapa."

Hakucheka, na Bogalech hakucheka, lakini alitoka. Lachore aliketi chini bila kukaribishwa, akavua kiatu, akavua soksi, akapandisha suruali. Mguu wake ulikuwa na makunyanzi kama mfuko uliomwagwa nafaka, na vinundu vichache vilikuwa bado kwenye vidole. Lakini ulikuwa mkavu, na ulikuwa na kifundo.

"Huu ulikuwa kama huo wako," alisema. "Mkubwa zaidi. Watoto walikuwa wanauita mtungi."

"Umepata dawa gani?"

"Sabuni."

Bogalech alidhani anadhihakiwa. Akaanza kunyanyuka.

"Kaa, mama. Sikutembea saa mbili kuja kukutania. Ugonjwa huu si laana, wala hauambukizi. Ni udongo. Huu mwekundu tunaoulima. Unaingia kwenye ngozi kidogo kidogo, na wengine miili yao inauvumilia, na wengine kama mimi na wewe haiuvumilii. Ndiyo maana unaufuata ukoo. Basi unautoa mguu kwenye udongo. Unauosha, unaupaka mafuta, unaufunga, unauvalisha kiatu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tukuzike," alisema Lachore. "Na siku hiyo tutakuosha sisi."

Alimwonyesha yote palepale. Beseni, maji safi, sabuni, mkono ukipita kati ya kila kidole, si kusugua kwa jiwe kama alivyokuwa akifanya Bogalech alipokata tamaa. Kisha maji mengine yenye matone machache ya ile dawa ya kung'arishia nguo, na miguu inakaa humo muda wa kunywa kahawa ya majani ya mbuni bila haraka. Kisha kukausha, na hapo Lachore alikuwa mkali kama mwalimu: kila mpenyo, kila ufa, kwa kitambaa laini, kwa sababu unyevu ndio unaoleta uozo na uozo ndio unaoleta homa. Kisha mafuta ya mgando kulainisha ngozi isipasuke. Kisha bendeji kutoka vidoleni kwenda juu, na mguu kuinuliwa juu ya kigoda kila anapokaa. Mwishoni alitandika karatasi chini, akamwambia aikanyage, akauchora mguu kwa penseli. Ule mchoro haukuwa na umbo la mguu. Ulifanana zaidi na kiazi.

Tatizo lilikuwa maji. Madebe mawili kila siku, na chemchemini hakaribishwi. Usiku ule alimweleza Dalke, akiongea kama mtu anayesimulia upuuzi aliousikia.

Asubuhi, jua limeshachomoza na njia imejaa watu, Dalke alichukua mtungi wa mkewe, akaufunga mgongoni kwa kamba kama wanavyofanya wanawake, akashuka chemchemini. Hakuna mwanamume aliyewahi kuonekana hivyo pale. Bogalech, akiwa uani kwake, alisikia kelele kutoka chini.

"Dalke! Umeolewa lini?"

"Leo asubuhi," sauti ya mumewe ilijibu. "Nisogezeeni nafasi, nina haraka, mume wangu ni mkali."

Walicheka mpaka mbwa wakabweka. Naye alichota, akapanda kilima, akatua mtungi mbele ya Bogalech, uso umemwiva kwa aibu, akaenda shambani bila neno. Kesho yake alikwenda tena, na keshokutwa. Baada ya mwezi vicheko vilikwisha. Ukume ndiye aliyewanyamazisha wengine. Alisema mwanamume akibeba maji mwezi mzima jambo hilo si la kuchekwa tena.

Bogalech alikuwa akiosha miguu kila alasiri, kabla ya kuwasha moto wa jioni. Wiki ya kwanza maji yalitoka na vitu ambavyo hakutaka kuvitazama. Wiki ya tatu aliinama, akanusa, akanusa tena: hakukuwa na harufu. Alikaa pale mikono ndani ya maji yaliyokwishapoa. Miezi mitatu baadaye, akipitisha mkono juu ya kisigino, aligusa kitu kigumu, akashtuka akidhani ni uvimbe mpya. Kilikuwa kifundo chake. Alikuwa amekisahau.

Lachore alimletea viatu vya kwanza maishani mwake akiwa na miaka hamsini kasoro. Alitembea navyo uani akiinua miguu juu kama kuku kwenye umande, na Dalke akageuza uso ili asionekane akicheka.

Kisha akafariki mzee mmoja wa kijiji. Bogalech alivaa shuka lake jeupe, akavaa soksi na viatu, akaenda. Alikuwa hajatoka kwenda msibani miaka kumi na mmoja. Wanawake walikuwa wameketi kwenye majani yaliyotandazwa. Alisimama pembeni. Mmoja alikusanya sketi yake na kuhama. Wengine walitazama mbele. Ukume hakugeuka hata kumtazama, ila alijisogeza kiasi cha upana wa mtu mmoja na kupiga majani kwa kiganja. Bogalech akakaa. Wimbo ulipomfikia aliuchukua, na watu waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba hakumlilia yule mzee peke yake, maana aliita majina mengi, na la mama yake lilikuwa la kwanza.

Tamirech alirudi mwaka wa nne, wiki ya Gifaata, sikukuu ya mwaka mpya, watu wanaporudi nyumbani kula nyama na kumaliza magomvi. Alikuwa mwembamba, ameungua jua, na amevaa ndala zilizokatika kamba moja. Walisalimiana. Dalke alichinja kondoo na kuongea maneno mengi kuliko alivyowahi kuongea mwaka mzima. Bogalech alikuwa akimhudumia bintiye nyama pale alipoona, chini ya kigoda, mguu mmoja wa Tamirech ukisugua mwingine.

Alisubiri hadi wageni walipoondoka.

"Mguu umeanza lini kuwaka?"

Tamirech aliiacha miguu itulie. "Hakuna kinachowaka."

"Tamire. Mimi ni mama yako."

"Najua wewe ni nani!" Hapo ndipo alipolia, machozi ya miaka minne. "Umenipa mwenyewe. Ulinipa kabla hata sijazaliwa. Kule Humbo hakuna aliyejua, nilikuwa mtu kama watu. Sasa nitarudi na nini?"

Bogalech alikuwa amejifunza kwa Lachore maneno mengi ya kueleza ugonjwa ule: udongo, ngozi, si laana, si kosa la mtu. Angeweza kuyasema yote. Alimtazama binti yake, akaona kwamba hayatoshi.

"Nimekupa ngozi isiyovumilia udongo," alisema. "Na nilikuacha ulime pekupeku toka ulipoanza kutembea. La kwanza sikulijua. La pili pia sikulijua. Lakini yote mawili yametoka kwangu, na sitakuambia hayakutoka kwangu."

Tamirech aliinuka. Alikwenda kulala.

Kesho yake alasiri Bogalech aliweka mabeseni mawili uani. Akakaa mbele ya moja, akaosha miguu yake kama siku zote. Beseni la pili lilipoa. Alimwagilia miche ya kabichi maji yale. Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Dalke alitaka kusema kitu, mkewe akamzuia kwa jicho. Ilikwenda siku tisa. Siku ya kumi Tamirech alitoka, akaketi mbali kidogo, akaingiza miguu ndani ya maji na kushusha pumzi. Miguu yake ilikuwa bado mizuri. Uvimbe ulikuwa mdogo, kama wa mtu aliyetembea safari ndefu.

"Nioshe basi," alisema kwa ukali, kama anayetoa amri.

"Hapana."

"Mama!"

"Jioshe mwenyewe. Nitakuelekeza. Mimi sitakuwepo kila siku, na kazi hii ni ya kila siku. Anza na sabuni. Kati ya vidole, polepole. Hapo umeruka kimoja."

"Sijaruka."

"Umeruka. Cha nne."

Tamirech alirudi kwenye kidole cha nne.

Alikaa. Hakurudi Humbo. Uvimbe wake haukuendelea. Homa ya mguu haijawahi kumpata. Hajaolewa bado, na watu wanasema hataolewa tena kwa umri wake. Naye huwajibu kwamba ana kazi. Anashona soksi na bendeji pamoja na watu wanaofanya kazi na Lachore mjini Sodo siku tatu kwa wiki, na siku zilizobaki analima, amevaa viatu vya mpira hadi magotini hata jua likiwa kali.

Dalke alifariki msimu wa mavuno, ghafla, akiwa anarudi kutoka shambani. Siku za matanga mjane huketi chini, hajishughulishi na mwili wake. Bogalech aliketi chini siku kumi na mbili. Hakuosha miguu, hakuvaa viatu, hakutaka. Siku ya kumi na tatu mguu wa kushoto uliwaka moto na homa ikampanda kama zamani, na kwa muda aliona ni haki yake. Alipopata nafuu mguu ulikuwa umerudi nyuma mwaka mzima. Lachore, ambaye naye alikuwa amezeeka na anatembea na fimbo, aliutazama na hakumgombeza. Alimwambia tu aanze tena. Akaanza tena.

Haukurudi ulivyokuwa. Vinundu kwenye vidole viwili havijatoka, na msimu wa baridi ngozi hupasuka kisigino hata apake mafuta vipi.

Siku hizi Lachore hawezi tena kupanda milima, kwa hiyo Bogalech ndiye anayekwenda. Ametajiwa mwanamke mmoja upande wa pili wa bonde, ambaye hajatoka nje tangu watoto wake wapelekwe kwa ndugu. Mara ya kwanza alibisha, akasikia mtu anapumua nyuma ya mlango, hakufunguliwa. Mara ya pili alifukuzwa kwa maneno ambayo hakuyarudia nyumbani. Mara ya tatu aliketi nje kwenye jiwe, akavua kiatu, akavua soksi, akauacha mguu wake mahali unapoweza kuonekana kwenye ufa wa mlango, akaongea peke yake habari za mahindi na bei ya siagi mpaka alipochoka.

Alhamisi iliyopita mlango ulifunguliwa kidogo. Uso haukuonekana. Sauti ilisema, "Wewe mama, hivyo viatu umeshonewa na nani?"

Bogalech aliomba kwanza maji ya kunywa, maana kilima kile ni kirefu. Kisha akaanza kueleza.